Filamu ya Polepole kwa Jua la Dodoma

Vijana wengi wanaoniletea kamera zao za filamu niziangalie huwa wameweka filamu ya kasi ya 400 (namba ikiwa kubwa, filamu huhitaji mwanga mdogo; ikiwa ndogo, filamu ni ya polepole na huhitaji mwanga mwingi), kwa kuwa wamesoma mahali kwamba kasi hiyo inafaa kwa kila hali. Nami nilianza hivyohivyo, na niliharibu mikanda kadhaa kabla ya kuelewa kwamba ushauri ule uliandikwa na watu wanaoishi chini ya mawingu. Dodoma iko takribani nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, na mvua ikishakatika mwezi wa Aprili hatuioni tena kwa miezi mingi. Mwanga si kitu tunachokitafuta hapa, bali ni kitu tunachokikimbia.

Kamera ninayoishika mara nyingi ni Pentax K1000, iliyotoka mwaka 1976, niliyoachiwa na marehemu baba yangu mdogo, ambaye aliitumia kwa miaka mingi kupiga picha za harusi na kipaimara. Betri yake ni ya kupimia mwanga tu, hivyo hata ikiisha ukiwa porini Bahi, shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu, inaendelea kufanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba shata hiyo haiwezi kufunguka na kufunga kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Ukiweka filamu ya 400 mchana wa Oktoba, unalazimika kuliminya tundu la lenzi hadi f/11 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), na kila kilichoko nyuma ya mtu unayempiga, kuanzia mabati hadi nguzo za umeme, kinatoka wazi sawa na uso wake. Kwa Ilford FP4 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe ambayo kasi yake ni 125, shata hiyohiyo inaniruhusu kufungua hadi f/5.6, na mtu akajitenga na vurugu za nyuma yake. Hii ndiyo sababu ya kuipenda FP4 kuliko filamu nyingine zote.

Jambo la pili ni nyuso. Kipimamwanga cha K1000 hukusanya mwanga wa eneo lote linaloonekana na kukupa wastani wake. Hivyo mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe na vumbi linalong'aa, kamera hudanganywa na anga, na uso wake ukatoka kama mkaa. Sindano ya kipimamwanga hicho siiamini nikiwa mbali. Humsogelea mtu mpaka uso wake ujaze kioo cha kutazamia, nikapima, nikapunguza mwanga kidogo kwa sababu kamera hutaka kuugeuza kila uso kuwa kijivu, kisha nikarudi nyuma bila kugusa chochote. Huongeza pia filta ya njano, ili anga litoke na giza kidogo. Ya rangi ya chungwa niliiacha, kwa sababu iliugeuza udongo wetu mwekundu kuwa mweupe kama sembe.

Kwa wazee hutumia Yashica Mat-124G, kamera ya lenzi mbili iliyoanza kuuzwa mwaka 1970, inayotoa picha 12 za mraba kwa mkanda mmoja. Mpigaji huitazama kutoka juu, ikiwa tumboni, na kwa hiyo lazima ainamishe kichwa. Babu mmoja wa Mvumi, ambaye alikuwa amewakatalia wapiga picha wawili kabla yangu, alikubali. Aliniambia baadaye kwamba wale walimwelekezea kitu usoni, lakini mimi niliinama.

Kwa rangi hutumia Kodak Gold 200, na sina mengi ya kuieleza, ila inafaa sana saa kumi na moja jioni, mwanga unapolala juu ya mashamba ya zabibu. Inajulikana kwamba filamu za rangi za zamani zilisawazishwa kwa kadi zenye picha za wanawake wa Kizungu, na ngozi zetu zikaumia; Gold ilizionyesha afadhali kidogo.

Tatizo kubwa liko kwenye kusafisha filamu, yaani kuitoa picha kwa dawa. Dawa inataka nyuzi 20 za joto, ilhali maji ya tangi langu hufika 28, kwa hiyo huweka chupa ya dawa kwenye beseni la barafu. Maji yetu yana chumvi, nayo huacha madoa meupe kwenye negativu. Suuzo la mwisho hufanya kwa maji ya kuongezea betri za magari, yale yasiyo na asidi, yanayouzwa vituo vya mafuta. Kisha huning'iniza mkanda bafuni baada ya watoto kuoga, mvuke ukiwa umeshalituliza vumbi, na mlango haufunguliwi mpaka asubuhi. Mke wangu ana maoni yake kuhusu utaratibu huo.