Mbili Zaidi

Jumapili usiku, Tabata. Umeme umekatika tangu magharibi, naandika kwa tochi ya simu.

Chanzo ni kazi ya binti yangu ya darasa la tano: vigawo vya 12. Nilimwonyesha kwa machungwa, jinsi muuzaji anavyoweza kuyapanga mafungu sawa yasibaki: moja moja, mawili mawili, matatu, manne, sita, au yote fungu moja. Vigawo sita. Yeye akaenda kulala, mimi nikabaki na daftari.

Nikajiwekea kanuni: chukua namba, ijumlishe na idadi ya vigawo vyake, endelea na jibu. 1 inazaa 2, 2 inazaa 4, kisha 7, 9, 12, 18, 24, 32... Namba tasa hupiga hatua mbili tu. 24 iliruka nane.

Kilichoniibia usingizi ni witiri na shufwa. Vigawo huishi kwa ndoa: katika 12, 1 ina 12, 2 ina 6, 3 ina 4. Kwa hiyo idadi yake ni shufwa, isipokuwa kwa namba za mraba, kama 9, ambamo 3 imejioa yenyewe. Safari basi hugeuka, shufwa kuwa witiri au kinyume, pale tu inapokanyaga mraba. Ilikanyaga 1, 4, 9, 64, 81. Kutoka 81 ikaingia 86, shufwa, nami nikaungoja mraba mwingine kama anayengoja daladala ya Kimanga jioni.

Ilifika 90, ikaruka 100, ikatua 102. Badala ya 144, 146. Badala ya 196, 198. Badala ya 256, 258. Badala ya 324, 326. Mbili zaidi kila mara! Nikarudia hesabu zote.

"Unapiga hesabu ya madeni usiku huu?" Mama watoto huyo, toka kitandani.

Kumbe si nuksi. Namba hizi ni mara mbili ya witiri, na vigawo vyake, ukivihesabu, hugawanyika kwa 4. Ukijumlisha unabaki palepale, kwenye mara mbili ya witiri isiyogawanyika kwa 4, wakati mraba ulio shufwa lazima ugawanyike kwa 4. Hawawezi kukutana. Mlango uko kwenye mara mbili ya mraba: 162, yaani 81 mara mbili, ina vigawo 10, ikatoka hadi 172. Hatua moja tu ya uhuru. Iliyofuata ni 178, ikarudi kifungoni.

Sasa niko 406. 400 nayo imepitwa, safari hii kwa sita, na simu ina chaji asilimia nne.