Kaskaskia: ramani ya zamani hatimaye imekaa

Imekaa! Ile ramani ya Kaskaskia, mji wa Illinois, Marekani, kando ya mto Mississippi, ya kabla ya 1881, iliyonisumbua kila nilipoiweka juu ya picha ya setilaiti, sasa imelala sawasawa, mto kwa mto.

Shida ilikuwa nukta za rejea, yaani mahali panapoonekana kwenye ramani na kwenye setilaiti pia. Mji uliokuwa makao makuu ya kwanza ya jimbo la Illinois, 1818 hadi 1820, leo sehemu yake kubwa iko chini ya maji. Aprili 1881 Mississippi ilifurika, ikakata shingo nyembamba ya ardhi na kuingia kwenye mto Kaskaskia, ikateka kilomita kama 16 za mwisho za mkondo wake. Maji yakawa yanapita mahali pa mitaa. Kanisa lililopo leo katika kijiji kidogo kilichobaki na jina la Kaskaskia lilihamishwa 1893, kwa hiyo halifai kuwa rejea. Nilibaki na nyumba ya Pierre Menard, naibu gavana wa kwanza wa Illinois, na matuta ya ngome ya zamani kilimani, vyote upande wa mashariki. Matokeo yake ramani ilishikwa upande mmoja tu, magharibi ikapepea kama kanga yenye kibanio kimoja.

Nilihangaika na hilo mno. Kilichonitoa ni mpaka wa majimbo ya Illinois na Missouri. Mto ulihama, mpaka haukuhama: bado unafuata mkondo wa zamani, kona kwa kona, na ndiyo maana Kaskaskia ni kipande cha Illinois kilichobaki ng'ambo ya mto, upande wa Missouri. Ukitaka kufika kwa gari unapitia St. Mary, Missouri, unavuka daraja dogo juu ya mkondo uliokufa. Nikachukua kona za mpaka huo kuwa nukta zangu za magharibi, nikabonyeza, na ukingo wa zamani ukaangukia juu ya lile bwawa lililopinda linaloonekana kwenye setilaiti. Nilipiga kelele peke yangu chumbani.

Kwa wanaotumia QGIS, programu ya ramani: msikimbilie thin plate spline, njia ya kukunja ramani ili ifuate nukta. Inatii kila nukta, hata mbovu, na ramani inaonekana safi huku inadanganya. Polinomia ya daraja la kwanza, inayosogeza na kuzungusha ramani nzima kwa pamoja bila kuikunja, inakuonyesha wazi nukta ipi imekaa vibaya. Anzeni nayo.

Mpango ulikuwa sasa nichore nyumba za mji, mtaa baada ya mtaa. Nimeuweka kando. Nilipokuwa nafuatilia ukingo wa zamani nilianza kuwaza misitu. Meli za mvuke zilikula kuni kwa wingi mno, miti ya kingo ikakatwa, udongo ukakosa mizizi ya kuushika, mto ukapanuka na kuanza kumega ardhi. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 21 kijijini, na naona kuni zimo katika sababu. Tabaka linalofuata la ramani yangu litakuwa la misitu ya kingoni, kuanzia juu ya mji kushuka hadi ile shingo iliyokatika. Natafuta ramani za wapima ardhi zilizochora miti.