Siku moja na pete za zirkoni

Saa kumi na mbili alfajiri niko kwenye taksi kutoka Mukono, saa mbili nimeshafungua maabara Kampala.

Majirani wanaamini nashika mionzi. Sishiki. Navunja mirija mitupu ya aloi ya zirkoni, yaani metali ya zirkoni iliyochanganywa na nyingine, kipenyo milimita 9.5, ukuta wake haufiki milimita moja, na haijawahi kuingia kwenye kinu cha nyuklia. Mirija ya namna hii ndiyo hubeba vidonge vya urani na kuzuia sumu yake isivujie majini. Humo kinuni maji ya moto huila kutu, na sehemu ya haidrojeni inayozaliwa hupenya ndani ya chuma, ikakifanya kivunjike upesi kama kigae. Kazi yangu ni kujua kitapasuka kikibanwa kiasi gani.

Asubuhi yote nakata mirija hiyo iwe pete na kusugua kingo kwa msasa. Mkwaruzo mmoja tu ukibaki, ufa utaanzia hapo na jibu litakuwa la uongo.

Mchana mama wa chai ananiuliza, "Mwanangu, kile kinu cha nyuklia cha wilayani Buyende mmeshakijenga?" Bado, mama, ni mpango.

Saa tisa akaja fundi wa ujenzi na nondo zake. "Ssebo, tatu tu, zege linanisubiri." Lakini mashine ya kubana ilikuwa tayari na pete yangu iliyokaa siku mbili kwenye tanuru ikinyweshwa haidrojeni. Nikamwomba asubiri. Bamba likashuka taratibu, mstari wa nguvu ya kubana ukapanda kwenye skrini, ukaanza kuinama, na hapohapo umeme ukakatika. Jenereta ilipowaka, mstari ulikuwa umepotea na pete imeshapinda. Pete iliyopinda hairudiwi. Fundi akasema, "Si uandike tu makadirio?" Nilikasirika kweli. Eneo lililo chini ya mstari ule ni nishati ambayo chuma kimemeza kabla ya kupasuka. Wanaokokotoa kama mrija utahimili ajali wanaitegemea namba hiyo. Nikaandika daftarini: haihesabiki. Kisha nikampimia nondo zake, zote tatu.

Giza limeingia, mgongo unauma. Pete nyingine. Tak! Mstari ukaporomoka. Chini ya lenzi naona ufa mwembamba kama unywele, umeanzia upande wa ndani, usawa wa pale bamba lilipogusa. Hapo ndipo chuma huvutwa zaidi.

Nimeandika namba, nimezima tanuru. Zimebaki pete nne.