Nitamwambia awahi

"Unafunga saa ngapi, Mama Kelvin?"

Nikamjibu saa kumi na mbili.

"Basi nitamwambia awahi."

Ni hayo tu. Lakini tangu Jumanne nikilala nayasikia, nikikanyaga cherehani nayasikia. Hata jana kwenye sendofu ya Neema wa hapa fremuni, keki inakatwa, watu wanapiga vigelegele, mimi niko kwenye "nitamwambia awahi".

Aliyeuliza ni binti aliyekuja Jumatatu jioni na gauni la kitenge la mama yake. Akaniamkia, nikaitikia huku macho yako kwenye zipu ya mtu. Akasema mama ameomba lipunguzwe limtoshe yeye. Nikachukua chaki na mkasi. "Usikate. Mama amesema ulikunje kwa ndani tu." Nikamwambia kitenge kile ni kizito, nikikunja chote hicho litavimba kiunoni. Akasema si neno, likunje tu.

Sijui kilichonipanda. Nadhani ni lile deni la 3,000 la kushona begi lake la shule, tangu Februari, na vile vitenge vya kikoba vinanisubiri. Nikasema, na wateja wawili wa kwenye benchi walisikia: "Mwambie mama yako aje mwenyewe. Mtu mzima hatumi mtoto kwenye deni."

Akalikunja gauni mara nne, akalipakata. Unafunga saa ngapi?

Na mimi nilimsubiri huyo mama. Mpaka saa moja kasoro, maneno ya kumwambia nimeshayapanga.

Jumanne nilipomsimulia mama ntilie wa pale kona, aliweka mwiko chini. "Mama yupi? Si aliondoka kabla ya Pasaka? Alisema anavuka mpaka wa Holili kwenda Taveta, Kenya, kufuata mzigo, siku tatu tu." Simu haipatikani mpaka leo. Binti anamwoshea masufuria jioni, malipo yake ukoko na mchuzi kwenye kindoo. Mama ntilie alidhani ndani kuna shangazi. Mangi wa duka alidhani mama anarudi usiku. Mwenye nyumba aliambiwa yuko msibani. Kila mmoja wetu hapa Pasua, Moshi, alipewa jibu lake, na kila mmoja aliridhika nalo.

Jina lake siandiki. Wadogo zake wanamwita Dada, nami nitamwita hivyo. Ana miaka 12, wa kati ana 8, mdogo hajafika 4. Wa kati huenda soko la Mbuyuni jioni kuokota nyanya zilizobonyea na majani ya nje ya kabichi. Mdogo hufungiwa ndani wenzake wakiwa shuleni, na kikombe cha uji pembeni. Ada haipo, ila chakula cha shule kina mchango, na asiyechanga anajua anavyojisikia foleni ikianza kusogea.

Nilipogonga alifungua mlango nusu. "Mama ametoka." Nikasema najua. Akanitazama muda mrefu, kisha akanong'ona, "Usiseme. Watatugawanya." Bibi yao yuko Uru, baba wa mdogo kwao Singida. Kumbe uongo wote ule ulikuwa wa kuwaweka watatu pamoja.

Sikumwahidi. Mtoto asiyefika miaka minne, mlango umefungwa kwa nje, jiko la mkaa limo ndani: hiyo si siri ya kutunza. Nilikwenda kwa mjumbe, tukaenda kwa mtendaji, na Alhamisi afisa ustawi wa jamii akaja. Alikaa mkekani, hakufungua daftari mpaka mdogo alipomzoea. Akasema wanaanza kutafuta ndugu, kisha familia ya kuaminika, makao ya watoto ni mwisho kabisa. Alituachia namba 116, ya kuripoti mambo ya watoto, haitozwi hata shilingi. Nimeibandika juu ya cherehani. Ingekuwepo pale Jumatatu, sijui kama ningeitazama.

Baba Kelvin nilipomweleza aliuliza, "Watatu?" Akavaa viatu, akatoka. Nikajua amekasirika. Akarudi na godoro la nne kwa sita juu ya bodaboda, amelikumbatia kwa mikono miwili. Mdogo alilirukia hata nailoni haijatolewa, akateleza, akarukia tena, na kaka yake ambaye nilikuwa sijamsikia sauti akaangua kicheko. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wako kwetu kwa muda, afisa ameandika, mpaka bibi wa Uru afikiwe. Ila jana usiku nyumba yangu ilikuwa na kelele, na nilizipenda.

Mtaani wameshaamua kwamba mama yao kamfuata mwanaume. Mimi sijui. Namkumbuka alivyokileta kile kitenge, akakigeuza juani kwanza kuona kama kitachuja.

Gauni nimelikunja, sikukata. Limevimba kiunoni kama nilivyosema. Dada alijitazama kwenye kioo, mbele na nyuma, akauliza, "Ukifumua, litarudi lilivyokuwa?"

Nikamwambia litarudi.

Nikawa natafuta namna ya kumwomba radhi kwa lile la Jumatatu, akanitangulia. "Begi nitalilipa, Mama Kelvin."

Sasa hivi mvua imeanza tena. Vitenge vya kikoba viko upande wa ukuta unaovuja, na ufunguo wa fremu Neema ameondoka nao.