Marando ya viazi ndiyo yaliyonisafishia tangi la samaki

Wauza samaki wa mapambo wana jibu moja kwa kila shida: nunua chupa hii. Maji yamegeuka kijani? Chupa. Vioo vimeshika utando? Chupa kubwa zaidi. Mimi nakaa Walukuba, hapa Jinja, na sebuleni nina tangi la kioo la lita 120 hivi, lenye samaki wadogo wa mapambo, gapi na moli. Leo ukisimama mlangoni unawaona gapi mmoja mmoja mpaka mikia. Dawa iliyofanya kazi hiyo haiuzwi kwenye chupa. Inauzwa sokoni na kina mama wa mboga, na mara nyingi wananipa bure kwa sababu wenyewe wanaitupa.

Lakini kwanza muuzaji mmoja wao, maana bado ananikera. Nilimtumia picha ya tangi, maji ya kijani kibichi, samaki hawaonekani. Akajibu papo hapo: "Ssebo, huo ni uchafu. Mwaga yote, osha kila kitu, anza upya." Basi kazi ikaanza. Mawe yakachemshwa kwenye sufuria kubwa ya mama watoto, na maneno niliyoyasikia siku ile siyaandiki hapa. Changarawe ikasuguliwa mpaka mikono ikaniuma. Sponji ya filta ikakamuliwa chini ya bomba mpaka maji yakatoka meupe. Jioni tangi likang'aa, shemeji akaja kupiga nalo picha, na mimi nikakaa pembeni kama fundi mwenyewe.

Haikupita wiki. Maji yakaingia weupe, yale ya kuoshea mchele kabisa, samaki wote juu wanahema midomo wazi, wengine wakafa. Weupe ulipoondoka ukijani ukarudi, mzito kuliko wa kwanza. Nilikuja kuelewa baadaye: ile sponji chafu ndiyo ilikuwa nyumba ya bakteria wanaokula amonia inayotoka kwa samaki. Maji ya bomba yana klorini, na klorini imewekwa humo kwa ajili ya kuua vijidudu. Bakteria wakaisha, amonia ikabaki haina mlaji, mwani, yaani vile vimea vidogo vinavyotia maji ukijani, ukaona hapa pametandikwa meza. Siku hizi sponji naikamua ndani ya ndoo ya maji yaleyale ya tangi, na maji mapya yanalala kwenye pipa wazi usiku mzima kabla ya kuingia. Muuzaji nilipomrudia, alisema niongeze chupa.

Jirani yangu ni mwanajeshi mstaafu, sote tunamwita Afande. Yeye naye akaja na lake. "Kijana, wewe enda Masese, leta konokono ya ziwa. Hiyo takula yote."

"Afande, konokono wa Masese si ndio wanaoleta kichocho?"

"Mimi nimeoga ziwani miaka yote, iko nini?"

Nilimheshimu, nikanyamaza, lakini konokono hakuingia kwangu. Konokono wadogo bapa wa Ziwa Victoria ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho cha tumbo, na konokono mwenye ugonjwa huvimwaga ndani ya maji, vikapenya ngozi ya yeyote atakayetia mkono. Serikali inagawa dawa ya praziquantel kwenye vijiji vya kando ya ziwa tangu 2003, halafu mimi nimlete mgonjwa mwenyewe sebuleni, mahali watoto wanapochovya vidole? Hapana.

Wazo lilitoka Ggaba, Kampala, ambako nilikuwa na shughuli zangu. Maji ya ghuba ile, Murchison Bay, mara nyingine ni ya kijani kama tangi langu tu, na sababu ni ileile: mfereji wa Nakivubo unashusha ziwani taka za mji, yaani mbolea tupu, na jua lipo. Kinachoizuia hali isiwe mbaya zaidi ni kinamasi cha mafunjo kilichobaki katikati, kwa kuwa mafunjo hunywa hiyo mbolea kabla haijafika ziwani. Nikajiuliza, nani atanipandia mafunjo juu ya kabati? Mmea gani mwingine unaota mizizi majini bila kubembelezwa, una ulafi, na hauna bei?

Marando ya viazi vitamu! Kila mtu aliyelima anajua, rando ukilitupa kwenye tope linaota. Nilikata vipande vya urefu wa mkono, nikanyonyoa majani ya chini, nikavining'iniza ukingoni kwa vibanio vya nguo, vifundo viwili vitatu vikiwa ndani ya maji na majani yote nje. Mizizi myeupe ilitoka upesi kuliko nilivyotarajia, ikashuka chini kama ndevu, na vifaranga vya gapi vikahamia humo kujificha. Ujanja wenyewe uko hapa: majani yakiwa hewani yanapata hewa ya kaboni bila kikomo, kwa hiyo rando hukua mbio kuliko mimea iliyozama, na kila jani jipya limejengwa kwa naitreti, ile mbolea inayotokana na uchafu wa samaki, iliyotolewa majini. Mwani unabaki na njaa. Wageni walinicheka, "huyu analima viazi sebuleni", na ni kweli nalima. Nikipunguza, majani yanakwenda kwa sungura wa Afande.

Marando peke yake hayatoshi kama taa inawaka kutwa. Sisi tuko karibu na Ikweta, mwanga wa mchana ni saa 12 mwaka mzima, na tangi langu liko mkabala na dirisha. Kulihamisha sikuthubutu, lita 120 ni kilo 120 kabla hujahesabu kioo na mawe. Nilibandika kaveera (mfuko wa plastiki) nyeusi nyuma na ubavu wa dirishani, mambo yakaisha. Taa nayo ina swichi ya saa, ya shilingi elfu ishirini na kitu: inawaka saa kumi jioni, inazima saa nne usiku. Zamani iliwaka mpaka wa mwisho kulala akumbuke.

Ukijani uliokuwemo tayari niliuua kwa giza. Blanketi zito kuzunguka tangi lote, siku tatu hadi nne, bila kuchungulia, bila chakula (samaki wazima wanavumilia), pampu ya hewa ikiunguruma muda wote kwa sababu mwani unaokufa unamaliza oksijeni. Mama mkwe aliyekuja katikati ya zoezi alikaa mbali na blanketi, mwishowe akauliza kwa adabu kama kuna msiba. Nilipofunua, maji yalikuwa ya kijivu kidogo. Nikatoa nusu, nikajaza mapya. Ukifanya hivi na umeme ukakatika usiku, funua, koroga maji kwa jagi, usiwaache.

Chakula nacho. Unga wa mukene, yaani dagaa, ni rahisi na samaki wanaupenda kufa, lakini unaacha mafuta juu na vumbi chini, na vumbi lile ndilo mbolea. Nawapa kidogo wanachomaliza kwa dakika mbili, mara moja kwa siku, Jumatatu hawali kabisa. Mtoto amekabidhiwa kijiko cha dawa ya kikohozi, si kiganja.

Madoa magumu ya kijani kwenye kioo hayasikii sifongo. Kadi ya benki iliyoisha muda inayatoa, wembe unayatoa vizuri zaidi, ila kwa tangi la plastiki usijaribu, utalichora. Vile vishungi vyeusi vya mwani kwenye mawe nilivichoma kwa hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa: zima filta, vuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, puliza taratibu juu ya kishungi, usizidishe mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi kwa siku, subiri kidogo, washa filta. Vinageuka vyekundu, kisha vinaoza.

Rando nalo huzeeka. Mizizi ikianza kulainika na kunuka, toa lote siku hiyohiyo, maana likiozea ndani linarudisha kila lilichokunywa. Mimi nabadilisha nusu kwa nusu, mapya yakishaota ndipo ya zamani yanatoka. Kwenye bomba la filta bado kuna utelezi wa kijani, na huo nimeuacha makusudi; moli wanashinda hapo wakiuguguna.