Shaba iliyogoma kuvutwa

Kwetu Marangu mrututu, yaani salfati ya shaba, haukuwa kitu cha maabara. Baba aliuchanganya na chokaa kwenye pipa akanyunyizia kahawa, na vidole vyake vikabaki samawati hadi Jumapili kanisani. Kwa hiyo nilipopewa mradi wa mwaka wa tatu, kupima usumaku wa chumvi za shaba, nilijiona niko nyumbani.

Kutengeneza chumvi hakukunisumbua. Niliyeyusha mrututu, nikatia magadi, ukatuama unga wa kabonati. Nikauchuja, nikauosha, nikauyeyusha kwenye asidi ya siki ya moto. Baada ya siku mbili nikawa na fuwele za asetati ya shaba, kijani iliyoiva inayoelekea samawati, nzuri za kutia kwenye pete.

Tabu ilianzia kwenye mizani ya Gouy. Neli ya kioo yenye unga inaning'inia kwenye mizani, sehemu yake ya chini ikiwa katikati ya sumaku ya umeme. Unapima sumaku ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Chumvi yenye elektroni pweke, yaani isiyo na mwenzake wa kuifuta, huvutwa, uzito ukaongezeka miligramu chache. Kioo chenyewe husukumwa, kwa hiyo lazima upime neli tupu kwanza. Yetu ilikuwa chini ya pangaboi, na likizunguka tu tarakimu ya mwisho haitulii. Nikalizima, nikapima huku jasho linanitiririka, nyuzi 29.

Ayoni ya shaba yenye chaji mbili ina elektroni pweke moja, na hesabu inadai magnetoni za Bohr 1.73, kipimo cha nguvu ya usumaku wa kila ayoni. Mrututu ukanipa 1.9, ambayo ni kawaida yake. Asetati ikanipa 1.4.

"Binti, unga wako haujashiba," fundi wa maabara akaniambia. Akaichukua neli, akaigongagonga kwenye ubao, na unga ukashuka karibu nusu sentimita. Nikamshukuru, nikaongeza hadi alama ileile niliyotumia kwa chumvi ya kobalti na zebaki, ile ya kusawazishia mizani. 1.4. Nikatengeneza chumvi upya, 1.4. Ya tatu, 1.4. Hapo nikaacha kuilaumu mikono yangu. Uchafu haurudii namba ileile mara tatu.

Kilichonifungua macho ni rangi. Nilikuwa naosha neli nikaona kijani kinapotea, maji yanabaki samawati safi kama ya mrututu. Nikajiuliza kama kuna kitu kimeachana humo ndani. Nikayeyusha gramu 5 katika maji, nikapima maji matupu (nayo husukumwa na sumaku), kisha mmumunyo, mara sita, nikachukua wastani. Karibu 1.8!

Msimamizi wangu alicheka, akanichorea. Katika fuwele shaba haziishi peke yake, ziko mbilimbili. Asetati nne zimezishika pande zote, maji yamekaa kila ncha. Ukiitazama kwa juu ni pangaboi la mabawa manne. Kati ya shaba na shaba kuna angstromu 2.6 tu (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), ilhali kwenye waya wa shaba ni 2.56. Elektroni zao mbili huelekeana kinyume kupitia zile asetati na kufutana. Joto la chumba huziamsha baadhi, ndiyo maana nilipata 1.4 na si sifuri; majini jozi huachana, ndiyo maana nilipata 1.8. Bleaney na Bowers wa Oxford walilisema hili la jozi mwaka 1952, kabla hata ya picha ya eksirei, ambayo van Niekerk na Schoening waliitoa Afrika Kusini mwaka uliofuata. Binafsi hao wa kwanza ndio walionishangaza zaidi.

Chumvi ya kawaida huvutwa zaidi kadiri unavyoipoza. Hii hufika kilele karibu kelvini 255, baridi ya friza ya nyumbani, kisha mvuto huporomoka. Sehemu hiyo sikuipima, maana naitrojeni ya kimiminika hatukuwa nayo. Nikaacha upande wa kushoto wa grafu wazi, nikaandika sababu chini yake, nikakabidhi ripoti.