Mpigo hauchelewi, ila haujui ni sekunde ipi

Ukitaka saa ya kompyuta ifuate setilaiti, kipokezi cha GPS chenye waya wa PPS (mpigo mmoja kwa sekunde) hutoa vitu viwili, na usipovitenganisha kichwani utahangaika bure. Kimoja ni maandishi ya NMEA, muundo wa kawaida wa ujumbe wa vipokezi, yanayopita kwenye poti ya siriali na kutaja tarehe na saa kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia. Kingine ni mpigo: mara moja kila sekunde, volti hupanda ghafla kutoka 0 hadi 3.3, pale pale sekunde inapoanza. Maandishi yanajua ni sekunde ipi, ila huchelewa. Mpigo hauchelewi, ila haujui ni sekunde ipi.

Ucheleweshaji huo unahesabika. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila herufi hubeba biti 10, yaani karibu milisekunde 1, hivyo herufi 400 hula milisekunde 400 hivi. Tena muda huo hauko palepale: setilaiti zinazoonekana zikiongezeka, sentensi za GSV, zinazoziorodhesha, nazo huongezeka. Zima GSV, ubaki na RMC, sentensi yenye tarehe na saa. Kisha endesha gpsd, programu inayosoma kipokezi, kwa -b, isije ikabadilisha mipangilio ya kipokezi, na kwa -n, ianze kusoma bila kusubiri mteja.

Kwenye Raspberry Pi, TX (waya wa kutuma) ya kipokezi huenda GPIO15 (pini 10), PPS huenda GPIO18 (pini 12), na ardhi kwa ardhi. Pini hizo hazivumilii volti 5. Ndani ya config.txt weka:

enable_uart=1
dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18

Ndani ya cmdline.txt ondoa console=serial0,115200, la sivyo konsoli itagombania poti na kipokezi. Washa upya, kisha:

sudo ppstest /dev/pps0

Namba ya sequence ipande kwa 1 kila sekunde. Ikileta timeout, kagua antena kabla ya kugusa programu, kwa sababu vipokezi vingi havitoi mpigo mpaka vijue mahali vilipo. Antena inataka kuona anga wazi. Dirishani itashika setilaiti chache, na mawimbi yanayodunda ukutani yataipotosha.

Sasa chrony, programu inayorekebisha saa ya kompyuta; SHM 0 ndiko gpsd huiwekea saa ya NMEA:

refclock SHM 0 refid NMEA offset 0.4 delay 0.2 noselect
refclock PPS /dev/pps0 lock NMEA refid PPS

Hiyo 0.4 ni ya kuanzia tu. Weka pia seva 3 au zaidi za NTP, yaani zinazotoa saa mtandaoni, iache ifanye kazi saa kadhaa, kisha kwenye chronyc sourcestats tazama NMEA iko mbali kiasi gani na zile seva, urekebishe offset mpaka tofauti ikaribie sifuri. Usiruke hatua hii. NMEA ikikosea zaidi ya nusu sekunde, mpigo unaweza kushikanishwa na sekunde ya jirani. Kompyuta itakuwa imekosea sekunde 1 kamili, huku PPS ikijitangaza kuwa sahihi kwa mikrosekunde. Seva za nje ndizo zitakazokufichulia hilo, kwa hiyo usizifute hata baada ya kuona #*, alama ya chanzo kilichochaguliwa, mbele ya PPS.

Kosa la milisekunde 100 hivi lina chanzo kingine. Mpigo mara nyingi hudumu milisekunde 100, na kama kuna transista au chipu inayogeuza ishara njiani, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) hupima mwisho wa mpigo badala ya mwanzo wake. Ongeza ,assert_falling_edge mwishoni mwa mstari wa dtoverlay=pps-gpio, kisha washa upya.

Kosa la sekunde nzima kadhaa mara tu baada ya kuwasha huwa ni la sekunde ruka, zile zinazoongezwa kwenye UTC mara chache. Tangu Januari 2017 saa ya GPS iko mbele ya UTC kwa sekunde 18, na setilaiti hurudia taarifa hiyo kila dakika 12.5, kwa hiyo kipokezi kilichoamka bila kumbukumbu hukisia mpaka kiipate. Tarehe ikirudi nyuma miaka 19 na ushee, programu ya kipokezi ni ya zamani: namba ya wiki ya GPS huanza upya kila wiki 1024, mara ya mwisho ikiwa Aprili 2019.

PPS kupitia USB sishauri. Kompyuta huuliza kifaa cha USB kwa zamu, kila milisekunde 1 au mikrosekunde 125 kulingana na kasi yake, na mpigo husubiri zamu hiyo. Urefu wa waya wa antena, kwa upande mwingine, usikusumbue: nanosekunde 5 hivi kwa mita humezwa na mikrosekunde ambazo kerneli hutumia kuitikia mpigo. Linalofaa kushughulikiwa ni joto, maana fuwele ya kompyuta hubadili mwendo likipanda au kushuka. Funga mashine ndani ya kasha, mbali na feni na jua.